Pierre Curie na Umeme wa Mgandamizo

Wengi humkumbuka Pierre Curie kama mume wa Marie na mgunduzi mwenza wa radiamu. Ni dhuluma ndogo ya historia, kwani kazi yake ya kwanza iliyotia fora aliifanya akiwa na umri wa miaka 21, kabla ya kukutana na Marie.

Alizaliwa jijini Paris tarehe 15 Mei 1859, mwana wa daktari. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa kuzama mawazoni, asiyeharakishwa, wazazi hawakumpeleka shuleni bali walimsomesha nyumbani. Hata hivyo, alihitimu shahada ya fizikia akiwa na miaka 18 tu.

Mnamo 1880, yeye na kakaye Jacques walikata vipande vya fuwele za kwatzi, turmalini, hata za sukari ya miwa, wakavibana. Kila walipovibana, chaji za umeme zilijitokeza kwenye nyuso zake. Na kadiri mkazo ulivyozidi, ndivyo chaji zilivyozidi. Hali hii ilikuja kuitwa piezoelektrisiti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukandamiza. Mwaka uliofuata walithibitisha kinyume chake: fuwele ikitiwa umeme hubadilika umbo, ijapokuwa kwa kiasi kisichoonekana kwa macho.

Ndugu hao waliunda kifaa cha kupimia umeme hafifu mno. Marie alikitumia kuchunguza miali ya urani: uzito uliovuta kipande cha kwatzi ulizalisha chaji inayojulikana, ikalinganishwa na ile iliyosababishwa na miali. Bila mizani hiyo, ni vigumu kufikiri kwamba poloni na radiamu zingalipatikana mwaka 1898.

Tuzo ya Nobel ilimjia mwaka 1903, pamoja na Marie na Becquerel. Nishani ya Légion d'honneur aliikataa. Alichotaka ni maabara. Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, alikanyagwa na gari zito la farasi barabarani, akafa papo hapo.

Mwanafunzi wake, Paul Langevin, aliitumia kwatzi kutafuta nyambizi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kauri zilikuja baadaye, kwa bariamu titanati ya miaka ya 1940. Hiyo huchomwa tanuuni mfano wa chungu, na kwa kuwa chembe zake huelekea huku na huku, sharti itiwe umeme mkali ili zielekee upande mmoja. Ndipo ikibanwa hutoa chaji. Kauri za jinsi hiyo hubandikwa leo kwenye mitambo na madaraja, zikapima mtikisiko na mkazo ambao jicho la mhandisi haliuoni.