Binti Sultani na Punda Mweupe

Likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba wangu, ambaye ni saisi katika zizi moja la farasi hapa Kampala, upande wa ziwani. Siku zile alikuwa ameletwa farasi mdogo mpya, wa rangi ya kijivu, nami nikapewa kazi ya kumtunza. Wengi hudhani kazi ya farasi ni kupanda tu. La, sivyo. Kabla jua halijachomoza nilizoa samadi bandani, nikabadili maji. Kisha kwato zote nne huchokonolewa kwa chuma kilichopinda, ili kutoa mawe na matope. Kupe hutafutwa masikioni na chini ya mkia. Ndipo ngozi hupigwa brashi. Na magharibi ikiingia sharti arudishwe bandani, maana wako wadudu wadogo kama vumbi, warukao usiku, waletao ugonjwa wa kuua farasi kwa siku chache.

Siku ya nne nikaambiwa nipande. Farasi akaenda hatua kumi, akasimama ghafula, nami nikaendelea bila yeye. Watoto waliokuwa wakitazama walicheka mpaka wakakaa chini. Nikaapa kwamba sipandi tena. Mjomba hakunibembeleza, ila aliniuliza kama nazijua habari za Bibi Salme wa Unguja, aliyefundishwa kupanda kabla ya kujua kuandika. Sikuzijua. Niliporudi shuleni nikatafuta vitabuni, na hizi ndizo habari zake.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa nyara angali mtoto. Uani mwa Mtoni walitembea tausi, paa na mbuni, na watu waliokaa humo walifika kama elfu moja. Watoto wa Sultani walifundishwa kupanda wanyama mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, na walimu wao walikuwa matowashi. Mwanafunzi akisha kuwa hodari, mvulana alipewa farasi, na msichana alipewa punda mweupe wa Maskati. Msomaji asicheke neno punda. Punda wale walikuwa wakubwa, wenye mwendo mzuri, na wa thamani kubwa.

Baadaye mama yake akahamia naye mjini, katika nyumba ya Bet il Watoro, kwa kaka yake Majid. Majid alimpenda sana, akamfundisha mambo ambayo wasichana wa siku zile hawakufundishwa: kushika upanga, kulenga shabaha, kushindana mbio za farasi, hata kupiganisha majogoo. Na yeye mwenyewe hakuwa mtoto wa kutulia. Siku moja alipanda mnazi bila kamba ya miguuni, watu wa chini wakashikwa na hofu kuu.

Lakini kuandika hakufundishwa. Wasichana walisoma Kurani tu, kalamu ilikuwa ya wavulana. Basi Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia na wino, akawa anaiga herufi za Kurani kwa siri, mpaka akaweza. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kidogo. Mimi ninapewa madaftari, na bado hulalamika.

Sasa nitaeleza jambo lililonisumbua kuliko yote. Seyyid Said alikufa baharini mwaka 1856, na Majid akawa Sultani wa Unguja. Mwaka 1859 kipindupindu kikaingia, kikamchukua mama yake Salme. Katika huzuni hiyo akavutwa na dada yake Khole kuingia katika njama ya ndugu yao Barghash, aliyetaka kumpindua Majid. Wenye njama walihitaji mtu wa kuandika barua za siri. Nani alijua kuandika? Salme, msichana wa miaka kumi na mitano. Barua za kuagiza bunduki na baruti zilitoka mkononi mwake. Hivyo elimu aliyoipata kwa taabu ile aliitumia dhidi ya kaka aliyemlea na kumfundisha kupanda farasi. Uasi ulishindwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake. Darasani tulibishana sana juu ya hayo. Wengine walisema alikuwa mtoto tu, amedanganywa. Mimi nasema alijua anachokiandika, na yeye mwenyewe katika kitabu chake hakujificha nyuma ya umri wake.

Baada ya hapo alikaa mashambani, Kizimbani na Bububu, kisha akarudi mjini, akapendana na jirani yake, mfanya biashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Akapata mimba. Mwezi wa Agosti, 1866, alitoroka katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akafika Aden. Huko alibatizwa akaitwa Emily, wakaoana tarehe 30 Mei, 1867, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 ulikuwa mchungu. Mumewe alianguka alipokuwa akiruka kutoka gari la abiria lililovutwa na farasi, likamkanyaga, akafa, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka huohuo Majid naye akafa, na Barghash akatawala.

Watu wa Kampala watapenda kujua kwamba miaka minne tu baada ya hayo, mwezi wa Juni, 1874, Mmarekani Charles Chaillé-Long alifika kwa Kabaka Mutesa I amepanda farasi. Aliandika kwamba watu walidhani mtu na mnyama ni kiumbe kimoja, na aliposhuka wakatishika. Pengine alitia chumvi. Lakini wakati ule binti aliyekua juu ya mgongo wa punda alikuwa Ujerumani, akihangaika kupata fedha ya kulea wanawe.

Urithi wake wa Unguja alinyimwa. Mwaka 1885 alirudi pamoja na manowari za Wajerumani. Watu wa mjini walimwamkia kwa furaha, lakini Barghash, aliyeandikiwa barua zile zote, hakukubali kumwona. Akarudi tena mwaka 1888, akaondoka mikono mitupu. Katikati ya safari hizo, mwaka 1886, alichapisha kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Kisha alikaa miaka mingi nchi za Sham, na akafa mjini Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari, 1924. Amezikwa Hamburg, na pamoja naye mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza.

Likizo ijayo naanza tena na yule kijivu. Mjomba amenipigia simu, asema siku hizi husimama akiambiwa, si akipenda.