Fritz Schlumpf, patroni wa sufu aliyenunua Bugatti kwa siri huku viwanda vyake vikizama

Tarehe 7 mwezi wa tatu 1977, wafanyakazi wa viwanda vya sufu walivunja mlango wa jengo moja la zamani mjini Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa. Walikuwa wamepoteza kazi, na walitafuta mali ya patroni wao ambayo ingeweza kulipa haki zao. Katika jengo kama lile mtu angetazamia mashine za kusokota na marobota ya sufu. Wao walikuta magari.

Yalikuwa mamia ya magari ya zamani, mengi ya mashindano na ya kifahari, yamepangwa kwa mistari juu ya changarawe safi. Rangi zao zilingaa kama za gari lililotoka kiwandani asubuhi ile. Juu yao zilisimama mamia ya nguzo za taa, zilizoigwa kutoka kilalo maarufu cha Alexandre III huko Paris. Zaidi ya 100 kati ya magari hayo yalikuwa Bugatti, aina ambayo matajiri wa dunia nzima walikuwa wakiitafuta. Mwenye mali alikuwa amekwisha kukimbilia Uswisi. Jina lake ni Fritz Schlumpf.

Mtoto wa mjane

Fritz alizaliwa mwaka 1906 nchini Italia. Baba yake alikuwa Mswisi na mama yake, Jeanne, alikuwa mzaliwa wa Mulhouse. Ndugu yake mkubwa, Hans, alikuwa amezaliwa mwaka 1904. Baba alipofariki, mama aliwarudisha watoto wake katika mji wa kwao, mji uliojulikana kwa viwanda vya nguo na nyuzi. Watoto hao wawili walikua wakiwa karibu sana na mama yao, na waliendelea hivyo hata walipokuwa watu wazima wenye mali.

Fritz aliingia katika biashara ya sufu akiwa kijana. Alianza kama mtu wa kati, anayenunua hapa na kuuzisha pale. Mwaka 1935 yeye na Hans walianzisha kampuni yao, na ilipofika 1940, Fritz akiwa na miaka 34 tu, alikuwa mkubwa wa kiwanda cha kusokota sufu huko Malmerspach, kijiji kilicho katika bonde la milima ya Vosges. Baada ya vita vya pili vya dunia biashara ilipanda. Ndugu hao waliongeza viwanda vingine, na miaka ilivyoenda karibu watu 2,000 walitumika chini yao. Katika kijiji kama Malmerspach, mshahara wa Schlumpf ndio uliolisha nyumba nyingi.

Hans alishughulika zaidi na hesabu. Fritz ndiye aliyeamua, na ndiye aliyekuwa na ugonjwa wa magari. Tangu ujana wake alipenda Bugatti, na aliwahi kushiriki mashindano ya kupanda milima kwa gari la aina hiyo.

Kwa nini Bugatti

Ili kuelewa tamaa ya Fritz, ni lazima kumfahamu kidogo Ettore Bugatti. Huyu alikuwa Mwitalia aliyezaliwa Milan mwaka 1881, akafungua kiwanda chake Molsheim, katika jimbo lile lile la Alsace, mwaka 1909. Magari yake mepesi ya mashindano, hasa Type 35, yalishinda mbio nyingi katika miaka ya 1920. Lakini Ettore alitaka pia kutengeneza gari la wafalme. Aliliita Royale. Mashine yake ilikuwa na silinda 8 na ujazo wa lita zaidi ya 12, na juu ya pua yake alisimama tembo mdogo, kazi ya Rembrandt Bugatti, ndugu yake Ettore aliyekuwa mchongaji.

Royale ilitoka wakati mbaya. Uchumi wa dunia ulianguka, na hakuna mfalme aliyenunua. Yalitengenezwa magari 6 tu, na 3 peke yake ndiyo yaliyopata wanunuzi wakati ule. Ettore alifariki mwaka 1947, na kiwanda hakikuinuka tena kama zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu wengi waliona Bugatti kuwa gari kuukuu tu, gumu kutengeneza na lisilo na vipuri. Fritz aliona kitu kingine: soko ambalo wenye mali hawakujua bado bei ya mali yao.

Namna alivyonunua

Kuanzia mwaka 1960, Fritz alianza kununua kwa nguvu. Hakununua gari moja moja kama wapenzi wengine. Alinunua kwa mafungu. Aliandika barua kwa wenye Bugatti katika nchi mbalimbali, akiwauliza kama wanauzisha na kwa bei gani. Alitumia pia watu wa kati, na alijua kubishana juu ya bei kama alivyozoea katika biashara ya sufu.

Mwaka 1963 alipata magari 18 yaliyokuwa yamebaki mikononi mwa kampuni ya Bugatti yenyewe. Kati ya hayo ilikuwamo Royale iliyoitwa Coupé Napoléon, gari ambalo Ettore alilitumia yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata aligeukia Marekani. Katika jimbo la Illinois, mkusanyaji John Shakespeare alikuwa na Bugatti 30, Royale nyingine ikiwa ndani. Mazungumzo yalikuwa marefu, muuzaji akipandisha na mnunuzi akishusha. Mwishowe walikubaliana kwa karibu dola 85,000 kwa yote 30. Magari yalipakiwa juu ya mabehewa ya treni, yakapelekwa bandarini na kuvushwa bahari hadi Ufaransa.

Hakuishia kwenye Bugatti. Alinunua magari 32 ya mashindano kutoka kwa Amédée Gordini, mtengenezaji aliyejulikana sana Ufaransa. Alinunua pia Rolls-Royce, Hispano-Suiza, Mercedes, Maserati na Ferrari. Mwaka 1967 alikuwa na Bugatti 105. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekaribia idadi hiyo. Na alipokwisha kununua, karibu hakuuzisha. Gari lililoingia Mulhouse lilikuwa limetoka sokoni.

Kazi ya mafundi waliofunga mdomo

Mengi kati ya magari hayo yalifika katika hali mbaya: vyuma vyenye kutu, viti vilivyoliwa na panya, mashine zilizokwama. Fritz alichagua kiwanda cha zamani cha sufu mjini Mulhouse na kukigeuza kuwa karakana na ghala. Aliajiri mafundi karibu 40: wa mashine, wa karoseri, wa mbao na wa ngozi. Waliapa kutosema kitu nje.

Kutengeneza upya gari la namna hiyo si kupaka rangi tu. Gari linafunguliwa hadi msumari wa mwisho. Kipande ambacho hakipatikani tena kinachongwa upya kwa mkono, kwa kupima kile kilichovunjika. Bati la karoseri linapigwa polepole hadi lirudie umbo lake, ngozi ya viti inakatwa na kushonwa upya. Gari moja linaweza kula miezi mingi ya kazi ya watu kadhaa. Fritz alikuwa na magari karibu 400, na mishahara ya mafundi hao ilitoka katika mali ya viwanda.

Alitaka kufungua jumba la makumbusho lenye jina la mama yake, Jeanne, ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Aliweka taa, changarawe na pahali pa kulia chakula. Lakini siku ya ufunguzi haikutangazwa. Miaka ilipita, milango ikabaki imefungwa. Watu wa mji walisikia uvumi kuhusu magari ya Schlumpf, na wageni wachache tu ndio walioruhusiwa kuingia.

Mwaka wa anguko

Wakati Fritz akijaza jengo lake, sufu ilikuwa ikimponyoka. Katika miaka ya 1970 viwanda vya nguo vya Ulaya vilipigwa na bidhaa za bei nafuu kutoka Asia na kwa kupanda kwa gharama. Ili kushindana, kiwanda kilihitaji mashine mpya na pesa za kuzinunua. Kwa Schlumpf, pesa nyingi zilikuwa zimelala juu ya changarawe kule Mulhouse.

Mwaka 1976 mambo yalivunjika. Ndugu wawili walikuwa tayari kuachia viwanda vyao kwa faranga moja tu, lakini madeni yaliyofuatana navyo yalikuwa makubwa. Wafanyakazi walifutwa kazi, mgomo ulianza, na umati ulizunguka nyumba ya patroni huko Malmerspach. Polisi waliwatoa ndugu hao, nao wakavuka mpaka hadi Basel, Uswisi, nchi ambayo walikuwa raia wake. Fritz alikuwa na miaka 70. Hakupata tena kuishi kati ya magari yake.

Ndipo ulipofika ule mwezi wa tatu wa 1977. Hasira ya wale walioingia ilikuwa kubwa kuliko mshangao wao. Waliambiwa kila mara kwamba pesa hazipo, na sasa walikuwa wamesimama mbele yake. Gari moja dogo aina ya Austin, ambalo halikuwa limetengenezwa bado, lilichomwa moto mbele ya waandishi wa habari. Lakini mengine hayakuguswa. Sendika ilijua kwamba magari hayo ndiyo dhamana ya pekee iliyobaki. Wafanyakazi walilikalia jengo kwa miaka 2, wakalilinda usiku na mchana, na wakaandika mlangoni kwamba sasa ni mali ya wafanyakazi. Walifungulia watu milango ili kurudisha sehemu ya mishahara waliyopoteza. Inahesabiwa kwamba watu karibu 800,000 walipita kutazama. Makumbusho ambayo patroni hakuyafungua, yalifunguliwa na wale aliowafuta kazi.

Kuuzisha au kutouzisha

Swali lililobaki lilikuwa la biashara. Wadai walitaka malipo, na njia ya haraka ilikuwa mnada: kila gari kwa bei yake, kwa tajiri wa Marekani, wa Japani au wa kwingineko. Mkusanyo ungesambaa duniani kwa wiki chache. Mwaka 1978 Ufaransa iliuandika mkusanyo huo katika orodha ya urithi wa kihistoria, hivyo magari yasingeweza kutolewa nchini. Uamuzi huo uliokoa mkusanyo, lakini ulishusha bei pia, kwa kuwa uliwafungia nje wanunuzi wenye pesa nyingi zaidi.

Mwaka 1981 magari yote yalinunuliwa kwa faranga milioni 44 na umoja ulioundwa na mji wa Mulhouse, jimbo, chama cha wafanyabiashara na wengine. Mwaka 1982 jumba la makumbusho lilifunguliwa rasmi.

Fritz alipinga mahakamani kwa miaka mingi, akisema kwamba mali yake imeuzwa kwa bei ya kutupa. Soko lilimpa nguvu katika jambo hilo. Mwaka 1987, huko London, Royale moja iliuzwa katika mnada kwa pauni milioni 5.5. Kwa kubadilisha pesa za wakati ule, gari moja lilipita bei ya magari yote ya Mulhouse, ambayo ndani yake zilikuwamo Royale 2. Kama mnunuzi, Fritz alikuwa ameona mbali kuliko wote. Lakini jicho hilo hilo halikuwaona watu waliosimama mbele ya mashine zake za kusokota, wala halikuona kwamba gari moja au kumi yakiuzwa kwa wakati yangeweza kununua muda kwa kiwanda.

Hans alifariki mwaka 1989. Mwaka huo huo mahakama iliamuru jina la Schlumpf liandikwe katika jina la makumbusho. Fritz alifariki mwaka 1992, akiwa bado Uswisi, safari fupi tu kutoka Mulhouse.

Leo jumba hilo linajulikana kama Cité de l'Automobile, na wageni wanafika kutoka mbali kuona tembo mdogo juu ya pua ya Royale. Taa za Fritz zinawaka bado. Mashine za sufu za Malmerspach zilikwisha kunyamaza, na wazee wa bonde lile wanapotaja jina la Schlumpf, si lazima waanze na magari.