Harilal Gandhi: Dini ilibadilika, jina la ukoo likabaki

Mei 29 mwaka 1936, katika Msikiti wa Ijumaa mjini Bombay, India, Harilal, kifungua mimba wa Mahatma Gandhi, alitangaza mbele ya umati kwamba ameingia katika Uislamu. Jina lake jipya lilikuwa Abdullah. Hata hivyo, alijulikana kama Abdullah Gandhi.

Kwa Wagujarati, jina Gandhi halitaji dini. Asili yake ni biashara ya manukato na bidhaa za dukani, na hubebwa na Wahindu, Wajaini na hata Waparsi. Katika jamii ya wafanyabiashara wa Vania, ambamo Wahindu na Wajaini wameishi pamoja kwa karne nyingi, mtu aliweza kuufuata Ujaini bila kuliacha jina la babu zake.

Harilal, aliyezaliwa mwaka 1888, aliuonja utamu wa jina hilo mjini Johannesburg. Mwaka 1908 baba yake aliongoza upinzani dhidi ya sheria iliyowalazimisha Waasia wa Transvaal kujiandikisha. Kijana huyo alijitosa, akakamatwa kwa kuchuuza bila leseni, na hadi mwaka 1911 alikuwa amefungwa mara kadhaa. Wahindi wenzake wakamwita Gandhi Mdogo.

Sifa hiyo haikumtosha. Alitamani kusomea sheria Uingereza kama baba yake, lakini ufadhili uliopatikana baba aliwapa wengine, akianza na mtoto wa binamu yake. Mwaka 1911 Harilal aliondoka Johannesburg kimya kimya hadi ghuba ya Delagoa, Msumbiji. Akatambuliwa huko na kurejeshwa. Baba na mwana walizungumza, wasielewane, naye akaenda zake India.

Mkewe Gulab alifariki mwaka 1918. Ulevi na madeni vikafuata.

Aliposilimu, baba yake aliandika gazetini kwamba hakuamini kuwa imani ndiyo iliyomsukuma. Mama yake, Kasturba, aliumia zaidi. Pengine kwa waliomshangilia msikitini, Gandhi lilikuwa na uzito kuliko Abdullah. Kabla mwaka huo kwisha, Harilal alirudi katika Uhindu kupitia Arya Samaj, akapewa jina Hiralal. Gandhi likabaki tena.

Alifariki kwa kifua kikuu mjini Bombay Juni 18 mwaka 1948, miezi isiyotimia mitano baada ya baba yake kuuawa.