Mama Aliyebebwa Hadi Ziwani: Maisha ya Annie Hore

Ukitoka Kasenga ukashuka hadi ufukweni asubuhi, wakati wavuvi wanarudi na ndagala, unaona maji tu yanayokwenda kusini mpaka macho yanachoka. Ukifuata ufuko huu huu wa magharibi, mbali kupita Fizi, utakuta kisiwa kidogo kinachoitwa Kavala, katika jimbo la leo la Tanganyika, hapa hapa Kongo. Katika kisiwa hicho, zaidi ya miaka 130 iliyopita, mama mmoja kutoka Uingereza alifungua shule ya wasichana. Jina lake ni Annie Hore.

Mume wake, Edward Coode Hore, alikuwa baharia. Alitumwa na Misioni ya London katika msafara wa kwanza wa misioni hiyo kuja Ziwa Tanganyika, nao walifika Ujiji mwezi wa 8 mwaka 1878. Mchungaji Thomson alikufa mwezi uliofuata tu. Dodgshun, aliyechelewa njiani, alifika mwaka 1879 na baada ya siku chache akazikwa naye. Hore alibaki, akazunguka ziwa kwa mashua na kuchora ramani ya fuko zake. Mwaka 1881 alikuwa likizoni Uingereza, ndipo akamwoa Annie Boyle. Annie alijua makaburi yale yapo. Hata hivyo alikubali kuja.

Safari yake ya kwanza, mwaka 1882, haikumfikisha ziwani. Ilibidi arudi Uingereza. Mwaka 1884 alianza tena, akiwa na mwanawe mdogo Jack. Walijaribu kwanza njia ya Msumbiji na Ziwa Nyasa, lakini vita vilikuwa vimeifunga. Wakageuka, wakaenda Zanzibar, wakavuka hadi Saadani, na kutoka hapo wakaanza safari ya bara, zaidi ya kilomita 1,000. Walifika Ujiji mwezi wa kwanza mwaka 1885. Annie anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kutoka Ulaya kufika katika ziwa letu.

Alisafirije? Walikuwa wametengeneza kiti cha magurudumu, cha aina ile iliyotumika Uingereza kuwasukuma wagonjwa na wazee. Lakini njia za miguu za bara hazikuwa za magurudumu. Kiti kilifungwa kwenye mti na kubebwa na wapagazi mabegani, kwa zamu, porini, mitoni na milimani. Baadaye Annie aliandika kitabu juu ya safari hiyo, kikachapwa London mwaka 1886, na kiti hicho kikatajwa hata katika jina la kitabu. Ndicho kilichomfanya ajulikane. Jina la Annie liko juu ya jalada. Ya wapagazi hayapo.

Hapo tusimame kidogo. Katika Injili ya Marko sura ya 2 tunasoma habari za watu wanne waliombeba mwenzao juu ya kitanda mpaka mbele ya Yesu. Aliyeponywa tunamkumbuka. Wale wanne hawatajwi kwa majina, lakini Bwana aliiona imani yao. Vivyo hivyo Annie: alikuja kufundisha, lakini kabla hajafundisha herufi moja, watu wa nchi hii walikuwa wamekwisha kumbeba kwa majuma mengi. Anayekuja kusaidia husaidiwa kwanza.

Huko Kavala familia iliishi katika nchi ya Waguha. Ulikuwa wakati mgumu. Misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilivuka ziwa kwenda Ujiji, na watu wa Rumaliza walieneza nguvu zao hadi huku kaskazini, hata Uvira. Msichana angeweza kukamatwa shambani au kisimani, akauzwa, asirudi. Katika siku kama hizo Annie aliwakusanya wasichana wa kisiwani, akawafundisha. Leo tunaweza kuliona jambo hilo kuwa dogo. Lakini kumwita msichana aketi na kufundishwa, wakati wengine wanamhesabu kama mali ya kupimwa kwa vitambaa na shanga, ni kusema waziwazi kwamba yeye ni mtu, ana akili, na Mungu anamjua kwa jina.

Shule ile haikudumu. Mwaka 1888 familia iliondoka ziwani. Mwaka 1889 Jack, mtoto aliyekulia kisiwani, alikufa London akiwa bado mdogo. Misioni ikahamisha kazi yake kwenda kusini mwa ziwa, na Kavala ikaachwa. Edward alirudi baharini, akafanya kazi katika meli ya misioni katika Bahari ya Pasifiki. Mwishoni wakaishi Tasmania, na huko Edward akafa mwaka 1912.

Je, ilikuwa bure? Wengine wangesema ndiyo: miaka mitatu tu, na gharama kubwa namna ile. Mimi sisemi hivyo, lakini sifichi fundisho lake pia. Shule iliyosimama juu ya mgeni mmoja iliondoka pamoja na mgeni. Annie alitoa alichokuwa nacho, na kilichobaki kilikuwa ni kazi ya watu wa ziwa wenyewe.

Basi nasi tuangalie kanisani kwetu. Wapo wamama wanaoimba kila Jumapili kwa kukariri, kwa sababu hawakupelekwa shule. Wakati kaka zao walikwenda, wao walibeba watoto, maji na mihogo. Wageni wenye moyo wa kujitolea wakija kuwafundisha kusoma na kuandika, tuwapokee kwa furaha na tuwasaidie. Lakini tusingoje wao. Binti aliyemaliza sekondari Kasenga anaweza kumshika mama jirani mkono na kumwonyesha jinsi ya kuandika jina lake. Hahitaji kuvuka bahari, wala hahitaji kiti. Anahitaji daftari, kalamu, na saa moja baada ya ibada.

Bwana atupe moyo wa Annie wa kwenda, na mabega ya wale waliombeba. Amina.