Tabibu Eduard Zirm na Jicho la Kibarua

Katika matabibu wa macho waliotangulia, Eduard Zirm ni mmoja ambaye jina lake halisahauliki. Tumeona vyema kuwasimulia ndugu zetu wasomaji maisha yake, kwani ndani yake mna funzo juu ya elimu inayofuatwa kwa subira.

Zirm alizaliwa Vienna, nchini Austria, mwaka wa 1863. Baada ya kuhitimu uganga alikabidhiwa matibabu ya macho katika hospitali ya mji wa Olmütz, ambao siku hizi huitwa Olomouc, nchini Ucheki. Huko ndiko alikotumikia watu, wengi wao wakulima na vibarua.

Mbele ya mboni ya jicho pana utando mwangavu kama kioo, nao ndio mlango wa nuru. Matabibu huuita konea. Ukiunguzwa na chokaa au ukitobolewa na chuma, aghalabu huota kovu jeupe, nuru ikakosa pa kupita. Tangu mwaka wa 1824 wataalamu walifikiri kuuondoa utando ulioharibika na kutia mwingine. Mwaka wa 1837 Samuel Bigger, mtu wa Ireland, alieleza jinsi alivyotia konea ya paa katika jicho la paa mwingine, alipokuwa mateka Misri. Mwaka uliofuata, Richard Kissam wa New York akatia konea ya nguruwe katika jicho la mtu, nayo ikaingia ukungu. Baadaye Arthur von Hippel, Mjerumani, akatengeneza chombo kidogo cha kukata duara kwa nguvu za kamani, mfano wa saa. Kila aliyeshindwa alimwachia mwenzake jambo la kujifunza.

Hata ikafika tarehe 7 Desemba 1905. Alikuwapo kibarua, Alois Glogar, ambaye macho yake yote mawili yaliharibiwa na chokaa. Akaletwa na mtoto wa miaka 11, Karl Brauer, ambaye jicho lake lilipigwa na vipande vya chuma, likawa halina budi kuondolewa. Zirm hakulitupa jicho lile. Alikata kutoka konea yake vipande viwili kwa chombo cha von Hippel, akavipandikiza katika macho ya kibarua, na kuvishikiza kwa nyuzi zilizopita juu yake. Jicho moja halikufaulu. La pili likabaki safi, na baada ya miezi michache Glogar akarejea kazini kwake. Msiba wa mtoto ukawa nuru kwa mtu mzima.

Mwaka wa 1906 Zirm aliiandika habari hii, wala hakulificha jicho lililoshindwa. Alionya kwamba konea iwe ya binadamu, tena kijana na mzima. Kwamba usafi utimizwe, na kipande kihifadhiwe katika unyevu na joto. Kwa kuwa aliandika waziwazi, wengine waliweza kuendelea. Mwaka wa 1931 Vladimir Filatov, huko Odessa, alifaulu kutumia konea za maiti, na haja ya kungojea jicho la aliye hai ikapungua. Zirm alifariki mwaka wa 1944.

Sisi watu wa pwani, ambao majumba yetu ya kale yamesimama kwa chokaa, tusiipite habari hii hivi hivi. Chokaa ikiingia jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, muda mrefu bila kukoma, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Kipande cha chuma kikilichoma jicho, kisichomolewe wala jicho lisifikichwe. Lifunikwe bila kugandamizwa, na tabibu atafutwe upesi. Dawa za kubahatisha zisitiwe kamwe. Zirm alihitaji miaka 80 ya majaribio ya wenziwe ili kuokoa jicho moja. Sisi kulikinga la mtoto wetu aghalabu twahitaji mtungi wa maji na akili ya kuharakisha.