Hall Johnson, mulinzi wa nyimbo

Sisi wenye kuimba kwaya tunapashwa kumujua baba huyu. Alizaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1888, mwana wa pasta. Nkambo yake, aliyekuwa mutumwa zamani, ndiye alimusikilizisha nyimbo za watumwa. Nyingi zilikuwa vinywani tu. Wazee wangekufa, na nyingine zingepotea. Basi akaziandika kwa noti, na mwaka 1925 akaanzisha kwaya yake New York. Mwaka 1936 kwaya ile iliimba katika sinema The Green Pastures, yenye kuonyesha habari za Noa na Musa, wachezaji wote watu weusi. Alikufa mwaka 1970. Nyimbo ziko. Na sisi wa Katanika, za nkambo zetu ni nani ameandika? Tuwaulize wakingali hai.