Daktari Denis Burkitt na Watoto wa Mulago

Mara hii tunamkumbuka daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mkristo wa Kanisa letu la Anglikana, aliyezaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, akageukia udaktari. Mwaka 1946 alifika Uganda, akafanya kazi Lira, kisha Mulago.

Mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Baada ya majuma machache, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine nje na mama yake, uso umevimba vivyo hivyo. Alipopekua majalada ya wagonjwa alitambua ya kuwa ni ugonjwa mmoja, uliojulikana baadaye kuwa saratani ya matezi.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa motokaa kuukuu majuma kumi, maili 10,000, hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona ugonjwa umeenea penye joto na mvua, kama malaria, na ni adimu milimani. Mwaka 1964 wataalamu wa London waliona virusi katika chembe zilizokuzwa kutoka vipande vya uvimbe alivyowapelekea.

Lakini kosa lenyewe lilikuwa ndani zaidi. Kila chembe ya mwili ina maagizo ya urithi, yaani jeni, yaliyopangwa katika kromosomu kama kurasa vitabuni. Mwaka 1982 ilijulikana ya kuwa katika ugonjwa huu ukurasa mmoja, jeni iitwayo MYC, huchomoka kromosomu ya 8, na mara nyingi hunasa katika ile ya 14. Pale ni mahali pa maagizo ya kutengeneza kinga ya mwili, ambayo katika chembe nyeupe za damu hayalali. Basi jeni hiyo nayo hailali, na chembe huzaana bila kikomo. Virusi na malaria huzidi kuzichochea chembe hizo, na kosa hupata nafasi.

Kosa hili mtoto hakulirithi kwa mama wala kwa baba. Si laana, wala si uchawi wa jirani. Tunalisema kwa sababu nyumba nyingi zimegawanyika kwa kutafuta mchawi, huku mtoto akizidiwa.

Kisu hakikufaa kwa uvimbe huo. Burkitt alijaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Aliondoka Uganda mwaka 1966, akafundisha faida ya vyakula visivyokobolewa, akafariki tarehe 23 Machi 1993.

Uvimbe huu hukua upesi mno. Ndugu zetu, mwonapo mtoto amevimba taya au tumbo, mwombeeni, na siku ileile mpelekeni hospitali. Mungu atujalie macho ya kuona, hata likiwa moja tu.